Bendera tuipigie saluti, tukiandamana tupigwe risasi?

NDUGU msomaji, umewahi kupita mbele ya kituo cha polisi saa 12 jioni? Kama umewahi, unaijua ile filimbi. Ikilia tu, kila kiumbe kinaganda. Uliyekuwa unakimbilia daladala unasimama mguu mmoja mbele. Mwenye baiskeli anashuka. Mama wa mihogo anaacha mafuta yachemke peke yake. Bendera ya taifa inashushwa polepole, askari wanaikunja, filimbi ya pili inalia, ndipo mnaruhusiwa kuendelea na maisha yenu.

Mimi husimama. Sijawahi kusubiri kukaripiwa. Hata pale ninapokuwa na haraka, nasimama, kwa sababu bendera ile naiona ni yangu.

Jioni moja nilikuwa nimesimama hivyo hivyo mbele ya kituo kimoja hapa Dar es Salaam. Akatokea kijana na mkokoteni, kapakia madumu 12 ya maji, lita 20 kila moja, anateremka mlima. Piga hesabu mwenyewe: kilo 240 za maji, hapo hujaweka mkokoteni, na breki ni visigino vyake viwili vilivyovaa yeboyebo. Filimbi imemkuta katikati ya mteremko. Asimame vipi? Akapita. Filimbi ya pili ilipolia askari wawili wakamfuata. Makofi mawili, kisha kichurachura kutoka barabarani mpaka kwenye mlingoti. Kosa lake? "Umedharau taifa!"

Bendera yenyewe niliiona vizuri wakati inakunjwa. Imepauka, jamani! Pindo la chini limechanika kama kanga ya jikoni, na ule mkanda mweusi, ambao shuleni tulifundishwa kuwa ndio watu, umekuwa kijivu. Aliyedharau taifa pale ni nani? Msukuma mkokoteni, au wenye mlingoti walioshindwa kununua bendera mpya?

Nilimsaidia kusukuma mpaka tambarare. Akiwa bado anahema akaniuliza, "Braza, ningesimama haya madumu yangenilalia. Ningekufa pale, wangeishusha nusu mlingoti?"

Sikuwa na jibu. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na kazi yangu ni kuandika habari za kulipwa kwa makala moja moja, lakini swali lile nimelibeba tangu siku hiyo, na leo nalimwaga hapa kijiweni tulijadili.

Tuanze na asili ya bendera yenyewe. Rangi zake tumekaririshwa wote. Kijani ni ardhi na mimea, dhahabu ni madini, bluu ni maji, nyeusi ni watu. Sawa. Ila hatukuambiwa ilizaliwa wapi, tukamaliza shule tunadhani ni kitu kilichoteremshwa kutoka Ikulu, pamoja na picha ya Rais ile ya ukutani.

Haikutoka Ikulu! Ilitoka mitaani. TANU ilipoundwa Julai 7, 1954 ilijichagulia rangi zake, kijani na nyeusi. Kwa macho ya Gavana wa Mwingereza, kile kilikuwa kitambaa cha wachochezi. Matawi ya TANU yalinyimwa usajili au kufungwa katika wilaya kadhaa. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walimiminika Mwanza kupinga utaratibu wa utawala waliokuwa wakilazimishiwa, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Agosti mwaka huo huo, Mwalimu akatiwa hatiani kwa kashfa kwa sababu ya makala katika kijarida cha chama, Sauti ya TANU, iliyowasema mabwana shauri wa wilaya. Akapewa achague: faini ya shilingi 3,000 au miezi sita jela. Akalipa faini.

Soma tena mistari hiyo taratibu. Kuna chama cha upinzani, kuna kijarida chake, kuna makala, kuna mkubwa wa wilaya aliyekasirika, kuna mahakama. Kuna marufuku ya mikutano na mabomu ya machozi. Hujasikia habari za namna hiyo karibuni? Ukiondoa tarehe na majina, unaweza kudhani ni ya wiki jana!

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa, ikapanda ya Tanganyika. Na usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda akaisimika juu ya kilele cha Kilimanjaro pamoja na mwenge. Ilikuwa na rangi gani? Kijani na nyeusi ya TANU, ikaongezwa mistari ya dhahabu. Mwaka 1964, baada ya Muungano, ikaingizwa bluu kutoka kwa ndugu zetu wa Afro-Shirazi, nao chama kilichopambana, siyo chama kilichokuwa kinakaa sebuleni kwa Sultani kunywa sharubati. Hiyo ndiyo bendera unayosimamishiwa leo. Ni bendera ya waandamanaji walioshinda! Ni kitambaa cha wachochezi kilichopewa heshima ya dola. Sasa leo mtu anakuambia ukiandamana umeidharau. Ameisoma wapi historia hiyo?

Watakwambia enzi zile walikuwa wanapinga mkoloni, leo unampinga nani? Jibu ni rahisi. Haki ya kukusanyika na kusema haikuandikwa kwa ajili ya Mwingereza. Imeandikwa katika Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 20, kwamba kila mtu ana uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani na kutoa mawazo yake hadharani. Ibara ya 18 inasema juu ya uhuru wa maoni. Ukija kwenye Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, unakuta kwamba anayetaka kukusanyika au kuandamana anatoa taarifa kwa ofisa wa polisi saa 48 kabla. Taarifa, ndugu msomaji. Siyo kuomba kibali. Unapowaarifu majirani kwamba una msiba huwaombi ruhusa ya kulia.

Lakini wenzetu wameigeuza taarifa kuwa ombi, na ombi kuwa kosa. Ukipeleka barua unajibiwa kwamba "taarifa za kiintelijensia" zinaonyesha kutakuwa na uvunjifu wa amani. Hiyo intelijensia ni hodari kweli! Inaona fujo ya maandamano ambayo bado hayajafanyika, ila haiwaoni wanaoteka watu mchana kweupe kwa gari lisilo na namba.

Na ushahidi wanao wenyewe. Mikutano ya hadhara ilizuiwa mwaka 2016 na haikufunguliwa mpaka Januari 2023. Januari 24, 2024 CHADEMA wakaandamana Dar es Salaam, polisi wakawasindikiza, watu wakapaza sauti, wakachoka jua, wakarudi makwao kula. Nchi ilipasuka? Septemba 23 mwaka huo huo wakataka kuandamana tena, safari hii kulalamikia watu kupotea na kuuawa. Marufuku! Viongozi wakakamatwa, mitaa ikajaa karandinga na magari ya washawasha. Chama kilekile, jiji lilelile, miezi minane tu katikati. Tofauti ni hofu ya wakubwa kuhusu kitakachosemwa.

Na inapofika mahali pa kupiga, anayepigwa si lazima awe mwandamanaji. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, Kinondoni, polisi wakitawanya wafuasi wa upinzani. Alikuwa abiria! Januari 2001 ilikuwa Unguja na Pemba. Wafuasi wa CUF waliandamana kupinga uchaguzi wa 2000, wakauawa watu wasiopungua 30, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa majahazi mpaka Shimoni, Kenya. Nchi hii iliyojisifu miaka yote kwa kupokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda, Kongo na Msumbiji ikatoa wakimbizi wake yenyewe. Fikiria mtu anaikimbia bendera yake, anapepea shati ufukweni ili apokewe chini ya bendera ya jirani.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025.

Hapa sitaki tupite haraka. Aprili mwaka huo Tundu Lissu alikamatwa Mbinga baada ya mkutano akashtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi. Siku ya kura vijana wakaingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya. Mabango ya wagombea yakachanwa, vituo vya mwendokasi vikachomwa moto. Intaneti ikazimwa. Amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar. Risasi zikalia. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwezi uliofuata kwamba inaaminika mamia ya watu waliuawa. CHADEMA nao walitaja mamia, Serikali ikasema hesabu hizo zimetiwa chumvi. Wazazi walizunguka hospitali na vyumba vya maiti wakitafuta miili ya watoto wao. Zaidi ya vijana 200 wakasomewa mashtaka ya uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, ingawa baadaye wengi waliachiwa.

Sitetei waliochoma. Kituo cha mwendokasi ni mali yangu na yako, na mlalahoi ndiye anayekitumia, siyo mwenye shangingi. Aliyechoma kituo ashtakiwe kwa kuchoma kituo. Lakini uhaini! Uhaini ni kuisaliti nchi. Kijana aliyeshika bango la boksi amemuuzia nani Tanzania? Na aliyepigwa risasi mlangoni kwao alikuwa anaelekea kuuza nini?

Sasa angalia bendera ilivyotumika baada ya hapo. Novemba 3, 2025 Rais aliapishwa Dodoma. Siyo uwanja wa mpira, kama tulivyozoea, ambako mwananchi anaingia bure na kofia yake ya karatasi. Ilikuwa katika uwanja wa gwaride wa jeshi, wananchi wakatazame kwenye televisheni. Bendera zilikuwepo, gwaride lilikuwepo, mizinga ililia. Watu hawakuwepo! Ukafika mwezi uliofuata, Desemba 9, miaka 64 ya Uhuru. Sherehe zikafutwa, tukaambiwa fedha zikarekebishe miundombinu iliyoharibiwa. Maandamano yaliyokuwa yameitishwa siku hiyo yakatangazwa kuwa haramu, wananchi wakashauriwa wakae majumbani, na barabara zikabaki za askari na mbwa wasio na wenyewe.

Unaiona picha hiyo? Siku ile ile ambayo mwaka 1961 watu walifurika kuona bendera yao ikipanda, safari hii bendera ilipepea juu ya barabara tupu. Ule mkanda mweusi umebaki kwenye kitambaa, wenyewe wamefungiwa ndani. Nilikuwa nimejifungia chumbani kwangu cha kupanga, nasikiliza redio ikipiga nyimbo za uhuru. Hata kwenda kununua chumvi niliogopa. Uhuru gani huo wa kuogopa duka la Mpemba lililo hatua 30?

Wenzetu wa Kenya wametuonyesha kitu mwaka 2024. Juni 25, vijana walioitwa Gen-Z waliingia katikati ya Nairobi kupinga Muswada wa Fedha uliotaka kuwabana kwa kodi. Wameshika nini? Simu, chupa ya maji, na bendera ya Kenya. Wameijifunga mabegani kama kanga, wameifunga kichwani, wanaipeperusha mbele ya farasi wa polisi. Wachuuzi waliziuza barabarani kama karanga. Wakafika mpaka bungeni, wakapigwa risasi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko ilihesabu waliokufa katika maandamano yale kuwa 39 ilipofika Julai 1. Lakini Juni 26, siku moja tu baada ya Bunge kupitisha muswada, Rais Ruto alisimama akasema hatausaini.

Na bendera ya Kenya nayo ina asili ile ile ya kwetu. Nyeusi, nyekundu na kijani ni rangi za KANU ya kudai uhuru, nyeupe ikaongezwa kwa ajili ya amani. Nyekundu ni damu iliyomwagwa katika kupigania uhuru. Kwa hiyo kijana wa Nairobi alipojifunga bendera ile akaenda kulalamika, alikuwa anaitumia kwa kazi iliyoshonewa. Aliyemfyatulia risasi ndiye aliyeitoboa.

Bendera yetu haina nyekundu. Tumekuwa tukijivunia jambo hilo miaka yote, kwamba sisi Uhuru wetu tuliupata kwa hoja na kwa mikutano ya Mnazi Mmoja, bila kumwaga damu. Basi wanaotaka kutia nyekundu kwa nguvu wanakusudia nini?

Wapambe wataniuliza, je, na wale wanaochoma bendera kule Marekani, ndiyo uhuru unaoutaka? Nimelisubiri swali hilo. Mwaka 1984 mtu mmoja, Gregory Lee Johnson, alichoma bendera ya Marekani mjini Dallas kwenye maandamano wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Republican. Texas wakamhukumu mwaka mmoja jela na faini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na Juni 1989 majaji watano dhidi ya wanne wakasema asifungwe, kwa sababu dola haiwezi kumfunga mtu kwa kuwa maoni yake yanaudhi. Mmoja wa wale watano alikuwa Jaji Scalia, mhafidhina wa kupindukia, aliyesema miaka ya baadaye kwamba angekuwa mfalme angewatia ndani wachoma bendera wote, ila yeye siyo mfalme. Tusidanganyane kwamba Wamarekani wamemaliza ugomvi huo. Agosti 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuwasaka wachoma bendera. Kumbe wakubwa ni wale wale kila mahali. Lakini jaji aliyekwazwa na kitendo, akamwachia mtendaji kwa sababu sheria ndivyo inavyosema, huyo namvulia kofia.

Mimi sikuambii uchome bendera. Ningeikuta inaungua ningeizima kwa mikono. Kwetu hatujafika huko kwenye kuchoma. Tunachoomba ni kuibeba! Tuibebe mchana, barabarani, tukisema bei, ajira, watu waliopotea na kura zilizohesabiwa gizani. Waziri anaibeba kwenye boneti ya shangingi, inapepea akienda kukata utepe wa choo cha shule. Kwa nini yeye akiibeba ni heshima ya nchi, muuza mitumba wa Karume akiibeba ni uchochezi?

Na sisi wa upinzani tusijifanye malaika. Wapo viongozi wetu wanaoitisha maandamano kwa sauti kubwa, siku ikifika simu zao hazipatikani, na anayekula virungu ni kijana wa bodaboda aliyeacha pikipiki ya bosi wake kichochoroni. Wapo pia wanaoithamini bendera ya chama kuliko ya taifa, wakipita mtaani utadhani ni mechi ya Simba na Yanga. Hilo nalisema humu humu kwenye gazeti la chama, na mhariri akilikata nitajua.

Kwa hiyo madai yangu ni machache na hayahitaji tume. Kifungu cha 43 kisomwe kama kilivyoandikwa. Polisi wapokee taarifa, wapange njia, wasindikize, kama walivyofanya Januari 24, 2024 na mikono yao haikuota ukurutu. Waliouawa Oktoba 29 na siku zilizofuata watajwe kwa majina, mmoja mmoja, na aliyetoa amri naye atajwe kwa jina. Familia ambazo hazijazika zipewe miili. Na vituo vya polisi vinunuliwe bendera mpya, maana hizo nyingine ni aibu.

Desemba 9 inayokuja, nikijaliwa uzima, nitatoka na bendera ndogo ya mkononi, ile ya kijiti. Barua ya taarifa nitaipeleka mwenyewe saa 48 kabla, katika kituo kile kile cha msukuma mkokoteni, nakala naiweka mfukoni iliyogongwa mhuri. Saa 12 jioni ikinikuta pale na filimbi ikalia, nitasimama.